Akiba Hupauka Mikunjoni

Januari, tarehe tatu, sebuleni kwa Syombua, Umoja,
wanawake watano tuliapa, mikono juu ya mkasi:
hakuna kununua kitambaa mpaka Krismasi.
Uzi, ruhusa. Sindano, ruhusa.
Kerubo akauliza, "Na bitana?"
Tukaijadili bitana hadi chai ikapoa.

Nikarudi nyumbani kuhesabu.
Sanduku la bati la kifungua mimba wangu, la shule ya bweni,
jina lake lingalipo kwa rangi nyeupe: vitenge.
Droo ya chini, iliyokuwa ya marehemu: mistari na madoadoa.
Chini ya kitanda, nusu robota ya mashati ya Gikomba,
vifungo hakuna, lakini pamba yake, ee, pamba.
Ndani ya oveni iliyokufa zamani,
mita sita za buluu nisizozikumbuka,
na risiti iliyofifia, ya mtaa wa Biashara,
ya siku niliyomwambia mtu naenda kliniki.

Mtu hanunui kitambaa.
Hununua Jumamosi isiyo na mgeni,
na macho yanayotunga uzi bila miwani,
na mjukuu ambaye hajazaliwa.
Ukifika nyumbani, ukifungua mfuko,
Jumamosi haimo.

Februari nilimaliza mikono ya mashati.
Machi, kola. Kola zina ubishi,
zinaikatalia sindano kama makarani waliozivaa.
Aprili mvua, stima zikapotea siku tatu,
nikashona kwa mkono dirishani,
mshono ukaenda upogo, nikauacha hivyo.

Mei, Naliaka akaja na kitenge akidai ni cha zamani.
Kilinukia duka. Wanga haujatoka,
kibandiko cha bei kimeng'ang'ania pindoni.
Hatukumuumbua. Tulikishika mmoja mmoja,
polepole,
kama watu waliofunga wanaonusa pilau ya jirani.

Mimi je? Nilikwenda Biashara kutafuta uzi, uzi tu.
Mwenye duka akaniambia rangi ya haradali imeingia.
"Nimefunga," nikamwambia.
"Ramadhani imeisha, mama."
"Yangu haijaandama."
Nikatoka na karata moja ya uzi mweupe
na mkono mmoja mfukoni, nikiukamata.

Kisha baridi ya Julai, ile ya mawingu kukaa juu ya mabati
wiki nzima kama mdeni asiyetaka kuonana nawe,
nikafika mwisho wa sanduku.
Kile cha ndege wekundu.
Mita nne. Dada yangu Bosibori alikileta kutoka Lubumbashi,
miaka kumi na tisa sasa, miezi minane kabla hajatutoka.
Nilikuwa nikikiwekea kitu kinachokistahili.
Ikaja harusi, nikasema ni ndogo.
Akaja mtoto, nikasema atakitapikia.
Ukaja msiba, na msibani nani ana akili ya mkasi?
Kitambaa kizima kinaweza kuwa chochote.
Ukikikata, kinakuwa kitu kimoja,
na hicho kimoja kinaweza kuwa kibaya.

Nikakikunjua mezani.
Ndege walikuwa wamekatwa tayari:
kila mkunjo, mstari mweupe,
shingoni, mbawani, katikati ya jicho.
Akiba haiozi, tulifundishwa.
Kweli, haijaoza.

Nikakaa. Nikanywa maji.
Nikaomba radhi, sijui kwa nani, kwa Kigusii,
halafu mkasi ukaingia, na sauti yake
ilikuwa ya kawaida kabisa.

Sikuitupa mistari. Niliishona pamoja na kola,
pamoja na buluu ya uongo wa kliniki,
na ule upogo wa Aprili nikaupa nafasi ya kati.
Halikupata harusi. Liko kitandani mwangu,
nalilalia na soksi, na asubuhi
ndege mmoja asiye na kichwa yuko kidevuni pangu.

Syombua kanipigia simu: sanduku limebaki na nini?
"Nafasi," nikasema.
Akanyamaza. Nikasikia cherehani yake ikisimama.
"Usimwambie Naliaka."